Jembe la Babu Kando ya Mifupa

Fuvu lilitoka kwanza, jembe likafuata. Vibarua waliokuwa wakichimba mtaro wa bomba la maji walitupa sululu zao wakasogea mbali.

Mwenye shamba hakushtuka. Alimweleza Inspekta kuwa hayo yalikuwa makaburi ya kale, kwani si jembe lenyewe lilifuliwa kwa mkono, enzi za mababu? Wafukiwe tu, maji yapite. Inspekta hakupenda kusaidiwa kazi na mtu ambaye hajamwomba.

Mlangoni pa nyumba alimkuta mama wa mwenye shamba, ajuza aliyekula chumvi nyingi.

"Mwanangu, ni watu wa kale kweli?"

Kitinda mimba wake alikwenda kutafuta kazi miaka minane iliyopita, na hakuwahi kurudi. Inspekta alikwenda kumuuliza daktari.

Daktari naye hakumsaidia. Udongo ule ulikuwa umeila mifupa vibaya, na majibu ya maabara kuu yangechukua miezi. Mkuu wa kituo alitaka jalada lifungwe kesho yake. Likabaki jembe.

Mtaalamu wa vyuma wa makumbusho aliligeuza chini ya taa. Alionyesha alama za nyundo, na msuka, ule mkia mwembamba unaoingia kwenye mpini.

"Bamba ni la zamani, halina shaka. Limepita miaka mia."

Inspekta alianza kufunga daftari lake. Ndipo mtaalamu akachokoa tope lililoganda kwenye msuka. Mpini ulikuwa umeliwa na mchwa, lakini kilichoukaza kilibaki: nyuzi za buluu, za nailoni.

"Mfuko wa mbolea," alisema. "Mababu hawakuwa nao."

Jioni hiyo Inspekta aliketi sebuleni kwa mwenye shamba. Mama yake alikataa katakata kutoka. Alikuwa amekwisha kulitambua jembe: mumewe alilirithi kwa babu, na kabla ya kufa akamkabidhi kitinda mimba, pamoja na shamba.

"Jembe hili ulipata kulilimia?" Inspekta aliuliza.

"Hata siku moja."

"Ndiyo maana hukujua mdogo wako alikaza mpini kwa kitu gani."

Aliweka nyuzi mezani. Mwanamume alizitazama, akamtazama mama yake, akainamisha kichwa.

"Nani alilitia kaburini?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ili siku wakimfukua, waseme ni mtu wa zamani."

"Ulimuua wewe?"

"Kwa mchi. Alikuwa amenipa kisogo." Aliinua kichwa. "Nimelima shamba hili tangu utotoni. Mgongo umepinda kwa ajili ya baba. Yeye alikuja kuchezea tope tu, akapewa jembe. Mimi nikaambiwa nimsaidie mdogo wangu. Nimsaidie!"

Konstebo alimfunga pingu. Inspekta alimwonea mama yule huruma. Alitaka kumshika mkono, lakini ajuza alikuwa amekwisha kusimama, akimkabili mwanawe.

"Kila mwezi uliniambia mdogo wako kapiga simu," alisema taratibu. "Kwamba hajambo, ananikumbuka, niendelee kumwombea. Nikalala usingizi kwa salamu zile. Zilikuwa za nani?"

Mwanamume alifumba macho.

"Zangu, mama."