Sefu Kwenye Boksi la Friji

Ijumaa, alasiri

Nyuma ya duka la kinyozi kulikuwa na chumba chenye meza moja, viti vinne na nywele za wateja wa wiki nzima zimefagiliwa kwenye kona. Mlango ulifungwa. Huko mbele redio iliachwa ipige kelele, maana anayesubiri kunyolewa naye ana masikio.

Kinyozi ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Sauti yake ilikuwa ya chini, na chini ya mataulo ya wateja aliweka bastola. Akapanga vitana mezani.

"Hiki ni duka la sonara. Hiki ni ngazi ya kupanda vyumba vya wapangaji. Ua mmoja, geti moja, mlinzi mmoja mvivu. Jumapili sonara anamwoza binti yake, duka limefungwa. Na Jumapili hiyo hiyo sisi tunahama."

"Tunahama wapi tena?" akauliza Bonge. Huyu alikuwa mbeba mizigo wao, mwenye mabega mapana na maswali mengi.

"Chumba nilichopanga pale juu mwezi uliopita, bwege wewe. Ulifikiri nimekipangia bibi yangu? Tunashusha godoro, kabati, meza. Katikati ya vurugu hiyo, sefu ya dhahabu inatoka dukani ndani ya boksi la friji. Nani anamkagua mtu anayehama?"

Mlango wa nyuma wa duka aliuchomelea Fundi, mwenzao wa tatu, akamkabidhi sonara ufunguo mmoja, wa pili akabaki nao. Ndiye pia atakayekata bolti zilizoishika sefu sakafuni. Alikuwa kijana mchangamfu, anacheka kabla hujamaliza kusema. Siku hiyo alicheka zaidi ya kawaida.

Wa nne alikuwa Dereva. Maisha yake yote kabla ya hapo alikuwa akihamisha watu nyumba, na akizungumzia mzigo anakuwa kama anazungumzia mgonjwa.

"Kabati lisipande juu," akasema. "Keria ya gari lile ni ya godoro na vitu vyepesi. Ukiweka uzito juu, gari linataka kulala kwenye kona. Sefu ikae chini, nyuma kabisa ya kiti cha nyuma, ikiegemea mgongo wa kiti, nami nitaifunga kwenye vile vyuma vinne vya sakafuni. Halafu tukishatoka kidogo, nasimama naikagua mikanda. Mzigo ukitikisika unakaa upya."

Kinyozi akamtazama. "Unasimama. Na sefu ya watu mgongoni."

"Dakika moja tu."

"Jamani, tumeleta dereva au tumeleta mwalimu wa udereva?"

Wakacheka. Fundi alicheka mpaka akashika meza. Dereva hakujali. Yeye hakuingia kwenye kazi hii kwa ajili ya dhahabu ya mtu. Aliingia kwa sababu ya huyo huyo aliyekuwa akimcheka. Fundi alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake wa tumbo moja, na dada alikuwa na mimba kubwa.

Jumamosi alimkuta dada yake mlangoni, mkono kiunoni. Hakuambiwa kitu, lakini mjinga hakuwa.

"Sitaki kujua mnakwenda wapi," akasema. "Nimemwomba aache, hasikii. Basi wewe ndiye kaka yangu. Kaa naye. Mtoto huyu azaliwe ana baba. Sina lingine."

"Nitamrudisha, dada."

"Mzima."

"Mzima."

Jumapili, saa nne asubuhi

Mlinzi alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kibao cha karata mapajani, anacheza peke yake na bado anashindwa. Alifungua geti kwa mguu.

Godoro likashuka. Meza ikashuka. Kabati likashuka kwa kelele za makusudi, Bonge akitukana ngazi. Dukani nyuma, msumeno wa umeme wa Fundi ulilia kidogo kidogo, kila kelele za ngazi zilipopanda. Mara boksi la friji likatokea uani, limebebwa na watu watatu wenye mishipa ya shingo imesimama.

"Friji gani hiyo?" mlinzi akauliza. "Mmeacha ng'ombe mzima ndani?"

"Tumegandisha barafu, mzee," Fundi akajibu akihema. "Baridi nayo ina uzito wake."

Mlinzi akacheka, akainuka akaenda kuwasaidia. Ndiyo, alisaidia! Aliweka bega lake chini ya sefu ya tajiri wake, akasukuma.

Dereva akaingia nyuma ya gari na mikanda yake mipana. Akaivusha msalaba juu ya boksi, akaingiza ndoana kwenye vyuma vya sakafu, akavuta mkono wa kukazia: krr, krr, krr. Akalisukuma boksi kwa goti. Halikutikisika. Akalisukuma kwa bega. Tuli. Mfuko wa vifaa vya Fundi nao akaukandamiza chini ya kiti, maana hata spana ikiachwa huru inaruka gari likisimama ghafla. Hapo moyo wake ukatulia kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

Aliposhuka, Kinyozi alikuwa ameshapandisha kabati juu ya keria. Juu ya kabati, godoro. Juu ya godoro, meza, miguu juu.

"Ebo! Nilisema nini?"

"Nyumba gani isiyo na kabati? Mlinzi anatuona. Funga twende."

"Gari limekuwa refu mno."

"Funga!"

Akafunga. Kamba mbili za kukatiza, moja ya kwenda mbele kwenye bampa, moja nyuma. Alifunga kwa hasira, lakini alifunga vizuri. Hakujua kufunga vibaya.

"Tunapita barabara kuu tu," akamwambia Kinyozi. "Na polepole. Huku juu hatuna nafasi."

"Ndio mpango wenyewe. Ingia."

Saa tano kasoro

Bonge alitangulia na pikipiki, kazi yake kuangalia njia na kupiga simu. Kinyozi alikaa mbele, bastola mapajani chini ya gazeti. Fundi alikaa nyuma peke yake, mgongo wake umeegemea kiti kile kile ambacho sefu ilikiegemea kwa upande wa pili.

Gari lilijisikia zito kichwani. Kila kona Dereva aliiingia kama mtu anayebeba mtungi uliojaa. Walipofika kwenye kituo cha mafuta akawasha taa ya pembeni.

"Unafanya nini?"

"Nakagua mikanda."

"Ukisimama nakupasua." Kinyozi hakupandisha hata sauti.

"Ni dakika tu, bosi. Mara zote nasimama."

"Mara zote ulikuwa umebeba masufuria."

Kutoka nyuma Fundi akasema, "Achana nayo, shemeji. Mimi si niko huku? Nikiona inacheza nitakuambia."

Dereva akazima taa. Akapita kituo cha mafuta. Roho ilimuuma, lakini akajipa moyo: shemeji yuko pale pale, shemeji ataona.

Simu ikalia. Kinyozi akasikiliza, uso ukabadilika.

"Bonge anasema kuna askari kwenye mzunguko wa barabara. Wanafungua magari nyuma. Kata kulia, njia ya viwandani, tutokee kilimani."

"Njia ya viwandani?"

"Wewe kiziwi? Kata!"

Dereva akakata kulia. Njia hii aliijua, aliipita kila siku akienda kwake. Lakini leo kitu kilimkereketa kuhusu njia hii na hakikumjia akilini. Huku Kinyozi anapiga dashibodi: kanyaga, kanyaga, wanaweza kuwa nyuma yetu. Akakanyaga. Kuta ndefu za viwanda zikapita pembeni.

Nyuma kiti kikalia. Akatazama kioo. Fundi alikuwa ameinama, kichwa hakionekani.

"Umepoteza nini?"

"Simu, shemeji. Imeanguka huku chini."

Halafu mlio mdogo: tak. Na mwingine: tak. Dereva aliusikia. Kwa siku nyingine yoyote angeutambua hata usingizini, ni mlio wa mkanda unaofunguliwa. Lakini Kinyozi alikuwa anapiga kelele sikioni mwake, na kile kitu cha njia bado kilikuwa kinamkereketa. Mbona hakuna malori? Viwanda hivi vyote, mbona njia nzima haina hata lori moja?

Wakakunja kona, na jibu likawa mbele yake. Chuma kirefu kilicholazwa juu ya barabara toka nguzo hadi nguzo, kimepakwa rangi nyekundu na nyeupe. Kiliwekwa kuzuia malori. Gari tupu hupita chini yake bila hata kukiona. Bonge na pikipiki yake angekionaje?

Gari lenye kabati, godoro na meza haliwezi kupita pale.

Dereva akakanyaga breki kwa mguu wote. Hakusita hata kidogo. Alijua nyuma yake kila kitu kimefungwa, alikifunga mwenyewe.

Saa tano

Gari lilisimama miguu ya meza ikikaribia kukigusa chuma. Juu, kamba zilishika. Hakuna kilichoanguka.

Kinyozi alikuwa amebanwa kwenye dashibodi, damu inamtoka puani, kiti chake kimesukumwa mbele. "Nini kimenipiga?" akasema. "Nini kimenipiga mgongoni?"

Dereva akageuka.

Nusu ya kiti cha nyuma ilikuwa imelazwa. Mikanda ililala sakafuni, imefunguliwa yote miwili. Boksi la friji lilikuwa limepita pale kiti kilipokuwa, likasimama kwenye mgongo wa kiti cha Kinyozi. Kati ya boksi na kiti alikuwa Fundi.

"Mama yangu," Dereva akasema. "Mama yangu, shemeji!"

Kinyozi alishuka, akazunguka, akaona. Hakumtazama Fundi hata mara moja. Alishika boksi akavuta, likakataa. Watu watatu na mlinzi ndio waliolipandisha, sasa yeye peke yake angelifanya nini? Kwenye geti la kiwanda watu walikuwa wameanza kutoka.

"Tukimbie," akasema.

"Nisaidie kulivuta!"

"Huyo ameshakwisha. Tukimbie, mjinga wewe!"

Akachukua bastola akakimbia, akielekea kilimani.

Dereva alifungua mlango wa nyuma. Mikono yake ilijua kazi. Akatia ndoana ya mkanda kwenye chuma cha nyuma kabisa, akauzungusha kwenye boksi, akavuta mkono wa kukazia. Krr. Krr. Sefu ikarudi kidogo kidogo, na kila iliporudi Fundi alitoa sauti ambayo Dereva asingependa kuisikia tena duniani.

Akampakata.

"Nimelaza kiti, nimefungua mikanda mwenyewe," Fundi akasema.

"Nyamaza. Wanakuja kutusaidia."

"Hakuna askari kwenye mzunguko. Mimi na Bonge... Yuko kilimani na pikapu tuliyoificha. Tukipanda kile kilima, nafungua mlango, sefu inashuka yenyewe." Alipumua vibaya. "Kinyozi asingeniacha kamwe, shemeji. Kila mara kazi ya mwisho, kila mara. Nilitaka nimchukue mke wangu tuondoke."

"Na mimi? Mimi ningemwambia nini Kinyozi?"

Fundi akafumba macho. "Ningesema mikanda yako ililegea."

 Dereva alimwelewa vizuri sana. Pale kilimani Kinyozi angegeuka na bastola, angemtafuta aliyefunga mzigo, na shemeji yake angenyoosha kidole. Hasira ilimpanda. Lakini yule mtu alikuwa mwepesi mikononi mwake, anazidi kuwa baridi, na hasira ikakosa pa kwenda.

"Usimwambie," Fundi akasema. "Tafadhali. Usimwambie."

Kilimani zikasikika risasi mbili. Bila shaka Kinyozi alikuwa ameiona pikapu, na Bonge ndani yake, akaelewa. Wafanyakazi wa kiwandani wakalala chini. Dereva hakuinua kichwa. Alipokitazama tena kifua cha shemeji yake, hakikuwa kinapanda.

Jioni

Walimkalisha Dereva kwenye benchi la hospitali, pingu mkononi, askari pembeni. Alikuwa ameshaeleza yote, ila moja. Akaja dada yake, anatembea kwa taabu, mkono umeshika tumbo. Alikuwa ametoka kumwona mume wake kwenye chumba cha maiti. Hakulia. Alisimama mbele yake.

"Askari anasema kimembana kitu kizito kutoka nyuma."

"Ndiyo."

"Wewe ndiye uliyepakia."

"Mimi."

"Kaka. Wewe umehamisha nusu ya mji huu. Watu wanakuita kwa ajili ya vyombo vya udongo, hata kijiko hujawahi kuangusha." Sauti ikaanza kukatika. "Sasa niambie kweli. Alifanya nini? Kuna kitu alifanya? Niambie tu, kaka, nitavumilia."

Askari naye alimtazama, kalamu juu ya karatasi. Dereva alimwangalia dada yake usoni. Akaangalia lile tumbo.

"Hakufanya kitu," akasema. "Alikuwa amekaa tu. Nilikuwa na haraka, dada. Sikuifunga sefu."

Kofi lilimpata kabla hajamaliza. Kisha la pili. Askari aliinuka kuzuia, Dereva akamwashiria amwache.

"Usiniite dada tena," mwanamke akasema. "Mtoto wangu akiuliza nani alimuua baba yake, nitamwonyesha wewe."

Akageuka akaenda zake, akiushika ukuta. Dereva alimsindikiza kwa macho mpaka alipofika mlangoni, akamwona amesimama wima, kisha anatoka. Askari akaandika maneno yake yote, akamsomea, akamuuliza kama ndivyo ilivyokuwa.

"Ndivyo," akasema, akaomba kalamu atie sahihi.