Mzigo wa Ghorofa ya Tatu

Jumatatu ile nilikunywa kahawa garini, nikafuta miwani mara mbili, kisha nikashuka kwenye chumba cha chini cha jengo la ghorofa tatu katika mji wa Calumet. Kulikuwa na paneli kuu tatu za breka, zile swichi zinazokata umeme ukizidi, moja kwa kila ghorofa, zote zikilishwa na nyaya zilezile zilizotoka kwenye nguzo. Nyaya hizo zilikuwa zimechakaa. Mkaguzi wa umeme alitaka hesabu ya unene wa nyaya mpya, yenye sahihi yangu, kabla ya Ijumaa. La sivyo angekata umeme, na Bibi Aune Lahti, mpangaji pekee aliyebaki, angepelekwa nyumba ya wazee kusini, mbali na kaburi la mumewe.

"Usijumlishe breka zote, dada Senja," fundi Reino alinitania. "Utatuagizia waya mnene kama paja langu."

"Paja lako halimo kwenye kanuni, mzee."

Waya hupimwa kwa mzigo, yaani umeme unaotumika, si kwa ukubwa wa breka. Mzigo wenyewe tulikuwa tumeurekodi kwa siku thelathini, kila robo saa. Ghorofa ya kwanza, duka lililofungwa: sifuri. Ya pili, kwa Bibi Aune: ampea kumi na nane. Ya tatu, tupu kwa miaka tisa, breka yake kuu imezimwa na kutiwa kufuli: ampea thelathini na nane. Kila siku. Saa kumi na mbili kasorobo jioni.

Reino aliacha kucheka.

"Kifaa cha kurekodia kibovu hicho," alisema, akakusanya vifaa vyake mapema.

Ningeuacha mzigo ule nje ya hesabu, waya ungekuwa mwembamba mno. Ungechemka ndani ya ukuta, shubiri moja kutoka kitanda cha bibi. Nikiuandika, fomu ilinidai nitaje unatumika kwa nini.

Nilimuuliza Bibi Aune kuna nini huko juu yake.

"Wanapika," alisema, akinimiminia kahawa. "Si wabaya, mwanangu. Mtu ukisikia sufuria za jirani, hata wewe unapata hamu ya kula."

Nilipanda peke yangu. Vumbi lilikuwa halina alama ya mguu. Jiko lilishang'olewa zamani. Nyaya zake zilitokeza ukutani, zimekatwa, ncha zikielea hewani. Niliubana mmoja kwa mita ya kupimia ampea. Sifuri. Nikasubiri.

Kasorobo.

Thelathini na nane.

Waya ulikuwa wa moto. Haukwenda popote. Harufu ya iliki ilinijia. Kijiko kikagonga sufuria. Nyuma yangu. Karibu.

"Umetuhesabu?"

Ilikuwa sauti ya chini, ya mtoto au ya mzee, sikujua. Sikugeuka. Nilitoa fomu, nikaandika: ghorofa ya tatu, jiko moja, linatumika. Nikatia sahihi.

Mtu alishusha pumzi. Si mimi.

Nyaya mpya zilifungwa Alhamisi, nene za kuwatosha wote. Bibi Aune alibaki kwake. Mimi nilirudi kwenye chumba changu mjini Houghton, ambako simu hupitisha wiki bila kulia.

Jumapili Reino alinitumia picha. Ndani ya mlango wa kila paneli hubandikwa kadi ya kuonyesha breka ipi inalisha chumba kipi. Ya ghorofa ya tatu aliibandika tupu. Sasa ilikuwa imejazwa kwa penseli, kwa mwandiko wa shule za zamani: jikoni, mezani, vitandani.

Mstari wa mwisho ulisomeka: Chumba cha Senja. Taa tumeshawasha.