Nani Alifungua Kompyuta Yangu?

"Umekufa, dada! Rudi jikoni ukakoroge uji!"

Hayo ndiyo maneno niliyoambiwa Jumapili mchana, live, mashabiki wangu wote wakinitazama... na mimi hata adui sijamwona!

Jamani, skrini yangu ilikuwa bado inazungusha kale kaduara ka ku-load.

Wenzangu wameshatua kisiwani. Wameshaokota bunduki. Wameshapanda magari.

Mimi natazama kaduara!

Kalipoondoka, nyumba zilinijia kama uji uliomwagika. Hazina milango, hazina madirisha, kuta zinaota polepole mbele ya macho yangu. Na kabla ukuta haujamaliza kuota...

Paa! Risasi ya kichwa.

Aliyenipiga anajiita Jini Mwekundu. Haonyeshi sura, anaweka picha ya kinyago chekundu, na sauti yake ameichezea kwa programu mpaka inanguruma kama radi. Hiyo ilikuwa fainali ya mashindano. Mshindi angecheza jukwaani kwenye tamasha la Waswahili, Houston.

Basi nikawa nimetoka. Tena kwa aibu.

Ngoja niwaambie mimi ni nani. Jina langu Nahla, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Naishi Garland, Texas, na kazi yangu ni kutunza wazee. Nikitoka kazini nina-stream game kwa Kiswahili. Madereva wa malori, akina dada wa mahotelini, watu wa maghala, wote walikuwa wakija kwangu kucheka na kupumzisha akili.

Na nilikuwa mkali, wallahi! Kisha kompyuta ikaanza visa. Game inachelewa kufunguka, stream inakwama, sauti yangu inafika vipande vipande. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Wakahamia kwa nani? Kwa Jini Mwekundu.

Siku ile ya fainali, mume wangu Swafwani alinipigia simu hata machozi sijafuta. Yeye anaendesha lori kati ya Dallas na Houston, na mzigo ukichelewa hulala Sharpstown, mtaa wa Houston, kwa binamu yake, Ubeid.

"Pole habibti. Nimeona. Ni internet ya hapo Garland, mbovu sana."

"Lakini Swafwani, si umeninunulia router mpya?"

"Basi ni kompyuta. Aliyeiunganisha nani? Si Annick?"

Nikaitazama kompyuta.

"Nilikwambia zamani, Nahla. Yule mwanamke anakuonea wivu."

Annick ni rafiki yangu, Mrundi. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kuunganisha kompyuta, na hii yangu aliijenga kwa mikono yake, pale kwenye zulia la sebuleni kwangu, tukinywa chai. Lakini maneno ya mume ni maneno ya mume. Yalikuwa yameniingia. Simu za Annick nilikuwa sizipokei tena.

Kesho yake akaja mwenyewe. Akabisha hodi mpaka nikafungua.

"Nahla, nimeona ile mechi. Ile si internet."

"Umejuaje?"

"Internet ikiwa mbaya, watu ndio wanarukaruka. Kwako zilichelewa nyumba. Nyumba haziko kwa internet, dada. Ziko ndani ya mashini yako. Niache niangalie."

Akafungua ubavu wa kompyuta. Akachungulia... akawasha tochi ya simu. Akachungulia tena.

"Nani amefungua hii mashini?"

"Wewe!"

"Hapana. Mimi niliweka memori mbili, hapa iko moja. Na ile diski ya haraka, ile ndogo kama chingamu... haiko! Umewekewa diski ya zamani, ile ya kuzunguka. Vitu vyako vyote vimehamishiwa humo ili usijue."

"Kwa hiyo?"

"Sikia, ma chérie. Diski ni stoo. Memori ni meza ya jikoni. Game kila saa inatuma mtu stoo: leta nyumba, leta miti, leta barabara. Stoo yako wameipeleka mbali, na meza wameikata nusu. Halafu juu ya hiyo nusu unacheza na ku-stream pamoja! Hiyo ni pilau ya harusi kwenye meza ya mtu mmoja. Ungemwona adui saa ngapi?"

Nikakaa chini.

"Nani mwingine anaishi hapa?" akauliza Annick, taratibu.

Alijua. Na mimi nilijua.

Nilitaka Swafwani aniambie usoni, naye alikuwa amesema mzigo umechelewa, yuko kwa Ubeid. Jumamosi, Annick akaniendesha mpaka Houston. Njia nzima mimi ndiye niliyekuwa nikimtetea mume wangu!

"Labda aliviharibu akiisafisha, akaogopa kuniambia."

Annick, macho barabarani.

"Labda kuna ndugu alikuwa na shida, akamsaidia."

Annick akakanyaga mafuta.

Tukafika Sharpstown adhuhuri. Ubeid akafungua mlango, aliponiona rangi ikamtoka.

"Shemeji! Mbona... mbona hukupiga simu?"

"Swafwani yuko wapi?"

"Amelala. Amechoka sana, shem, mwache ap..."

Hakumaliza. Kutoka chumba cha ndani ikasikika sauti:

"Karibuni pangoni, wanangu! Leo tena tunakula nyama ya Nahla!"

Nikampita Ubeid mlangoni.

Ile ndiyo salamu ya Jini Mwekundu! Neno kwa neno! Ila safari hii haikunguruma. Ilikuwa sauti ya kawaida ya mwanamume. Sauti inayoniamsha kila alfajiri kwa swala.

Sauti ya mume wangu!

Nikasukuma mlango. Swafwani amekaa na headphone masikioni, mbele yake skrini mbili, moja ina kinyago chekundu. Chini ya meza, kompyuta inawaka taa za rangi kama duka la Idi.

Akageuka.

"Nahla..."

"Nikakoroge uji, siyo?"

"Ngoja nikueleze."

"Diski yangu iko humo?"

Akatupia jicho chini ya meza.

"Memori yangu iko humo?"

"Niliazima tu, mke wangu. Nilikuwa nirudishe."

"Uliazima? Nikakulilia kifuani, ukanipangusa machozi, ukaninunulia router! Ukanigombanisha na Annick! Na wewe ndiye unayenitukana mbele ya watu?"

Akasimama. Macho mekundu kuliko kinyago chake.

"Nani alikufundisha kushika hiyo controller? Si mimi? Sasa nikienda msikitini naitwa mume wa Nahla. Nikipaki lori, 'Nahla hajambo?' Hakuna anayeuliza hali yangu mimi! Nilitaka nami nijulikane, japo kidogo!"

"Kwa kunizika mimi?"

"Na Mama pia hataki! Kila siku ananilaumu, eti nimemwachia mke apige kelele na wanaume mtandaoni."

Mama yake, Bi Hasina, namheshimu kama aliyenizaa. Nikahisi nimebaki peke yangu duniani.

Swafwani akaona nimelegea. Akapiga magoti, akaanza kulia. "Nisamehe mke wangu... nisamehe..."

Annick akanigusa bega, akaninyooshea kidole skrini ya pili. Ujumbe wa watazamaji ulikuwa unamiminika:

"Mbona Jini analia???"

"Huyo mwanamke ni Nahla! Jini amemwita jina!"

"Kwani Jini ni mume wake? Subhanallah!"

Maiki ilikuwa wazi! Kila alichosema kilikuwa kimetoka kwa ile ngurumo. Hata msamaha wake watu waliusikia kwa sauti ya jini.

Swafwani akarukia waya, akaung'oa. Kumekucha zamani!

Sikumtukana. Sikuvunja kitu. Nilimwambia Annick, "Nitolee vyangu." Akafungua, akatoa memori yangu na diski yangu, nikavitia mkobani. Ubeid amesimama mlangoni, hajui auangalie ukuta au sakafu.

Tukiwa njiani kurudi, simu ikaita. Bi Hasina, kutoka Mombasa. Nikajikaza, nikijua matusi yananijia.

"Nahla mwanangu, ni kweli haya niliyoyasikia?"

"Umeyasikia wapi, Mama?"

"Mie si hukutazama kila siku! Najiita Ua la Asmini. Leo nimemfungulia huyo hasidi nione atakusema nini tena, nikakusikia wewe."

Jamani! Ua la Asmini ni shabiki wangu wa tangu mwanzo! Yule anayeniandikia, "Mashallah, wapige hao!"

"Lakini Mama... Swafwani amesema wewe hutaki nicheze."



"Mie nisitake? Mie huyo Jini nimem-report mpaka kidole kimeniuma! Nikimwomba Mungu amwondoe, hasidi wa watu... Kumbe hasidi nimemzaa mwenyewe."

Akalia. Nami nikalia. Annick akaegesha gari kando, tukalia wote watatu.

Sasa hivi naishi kwa Annick. Nimeomba talaka yangu, na Bi Hasina hajanizuia. Waandaaji walimwondoa Swafwani, wakataka mechi irudiwe. Annick alikwisha kunirudishia vipande vyangu, na game ilifunguka papo hapo, kisiwa kizima kikasimama mbele yangu, milango na madirisha yake. Sikushinda, nilikuwa wa pili. Lakini yule aliyenipiga nilimwona akija.

Watu wananiambia, "Nahla, unaacha ndoa kwa sababu ya kipande cha kompyuta?"

Hapana. Kipande ningemsamehe. Mtu huyu alinitazama nikiamini mikono yangu imekwisha, nikianza kujiita mjinga, na kila nilipotaka kuacha kabisa alinikumbatia akasema, "Ndiyo, pumzika."

Ndugu yangu unayesoma, jambo lako likiharibika ghafla, na mtu akakutajia mbaya wako kabla hujauliza... usilie kwanza. Fungua uangalie ndani.