Madoa ya Boneti

Saa moja na robo asubuhi, siku ya Jumatatu, gari la bibi mkunga halikuwepo karakanani.

Shuka jeupe lililokuwa limelifunika lilikuwa limekunjwa pembe kwa pembe na kuwekwa juu ya kiti. Inspekta aliliangalia shuka hilo kwa muda mrefu kuliko alivyoiangalia sakafu tupu. Katika miaka kumi na sita ya upelelezi alikuwa amekutana na wezi wa kila namna. Mwizi wa kukunja shuka hakuwahi kumwona.

Kituoni walimwita Sindano, kwa sababu maswali yake yalikuwa membamba na yaliingia bila kelele.

Mwenye karakana, Mzee Kioo, alikuwa ameketi kwenye kizingiti, mikono imelala magotini kama vitu vya kuazimwa. Jina hilo alipewa na wateja. Gari likitoka mikononi mwake, mtu angeweza kunyoa ndevu akijitazama mlangoni.

"Miaka thelathini na nane, afande," alisema. "Hata nati ya mtu sijapoteza."

"Pole, mzee. Gari liliingia lini?"

"Jumatano."

"Kufanywa nini?"

"Lilikuwa la marehemu mumewe. Rangi ni ile ile ya kwanza, nzima, ila imechoka. Nikalisafisha, nikaling'arisha, Ijumaa nikalipaka dawa ya kinga."

"Nielezee kama unamweleza mtoto."

Mzee akainua kichwa. Kazi yake ilipotajwa, sauti ilimrudi.

"Dawa inakuja kwenye chupa ndogo, kama ya kikohozi. Unapaka juu ya rangi kipande kidogo kidogo. Unasubiri dakika moja, unafuta kabla haijashika. Ukichelewa, au ukiruka mahali, linabaki doa jeusi, kama mafuta juu ya maji. Likiwahiwa, tone jipya linalilainisha, unalifuta. Likishakauka, hapo ni vita. Unashika mashine, unaiondoa dawa yote mahali pale, unapaka upya."

"Wewe umewahi kuruka mahali?"

Mzee alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Swali hilo kamuulize mwingine, mwanangu."

Koplo wa alama za vidole alikuja akipangusa unga mikononi.

"Kufuli halikuvunjwa, afande. Ufunguo wa gari umechukuliwa msumarini. Alama zote ni za mzee na mkewe."

"Nini kingine kimepotea?"

"Mashine ya kung'arishia. Taa ya kukagulia rangi. Chupa ya dawa. Na matambara."

"Matambara?"

"Yale laini tu. Yale magumu ameyaacha."

Inspekta akaandika. Mwizi wa gari huchukua redio, huchukua betri. Huyu amechagua matambara, tena amechagua vizuri.

Alikwenda kwenye lango. Lilikuwa la chuma, kubwa, la aina inayopiga mayowe ukiligusa. Alilisukuma. Likafunguka kimya, kama mlango wa benki. Akapitisha kidole kwenye bawaba, akakinusa.

"Mafuta ya gari?" koplo aliuliza.

"Ya kupikia. Yamekaangiwa kitunguu."

Wote wawili wakageuka kulitazama dirisha la jikoni. Pazia lilitikisika, likatulia.

Jikoni, mke wa fundi alimpa kiti na maji kabla hajaulizwa lolote. Alikuwa mwembamba, mwenye macho makali, na kidole chake cha shahada kilikuwa na weusi kama wa bawaba, uliokataa kutoka kwa sabuni.

"Jana mlikuwa wapi, mama?"

"Hapa hapa. Mzee akishakula Jumapili hulala mpaka saa kumi. Hata ungeibomoa nyumba asingeamka."

"Na wewe?"

"Nilikuwa naosha vyombo."

"Mpaka saa ngapi?"

"Vilikuwa vingi."

"Mnakaa wangapi?"

"Wawili."

Inspekta akaandika neno hilo taratibu, ili aonekane akiliandika. Hakuuliza zaidi. Kulikuwa na kitu katika uso wa mama yule kilichomzuia. Wezi aliwajua walivyoogopa, wakiogopea ngozi yao. Huyu aliogopa huku akichungulia kizingitini alikoketi mumewe, kama mtu aliyeacha maziwa motoni.

Wakati huo sauti nene ilisikika uani.

"Nani kaniibia? Na huyu ndiye mpelelezi? Njoo hapa nikuone!"

Bibi mkunga alikuwa amestaafu, lakini sauti yake bado ilikuwa kazini. Nusu ya mji ilipitia mikononi mwake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe nilikupokea mimi. Ulitanguliza miguu. Nikamwambia mama yako, huyu atakuwa mbishi au askari."

Koplo aligeukia ukutani, mabega yakimcheza.

"Bibi, gari uliliona mara ya mwisho lini?"

"Jumamosi jioni. Nilipita, nikalipiga picha nimtumie binti yangu. Nampa yeye, aendee kazini. Kila akipanda amkumbuke baba yake."

"Naomba niione picha."

Bibi akasita. Ilikuwa mara ya kwanza Inspekta kumwona mtu huyu akisita. Halafu akampa simu, akashusha sauti. "Iangalie. Lakini usiseme kwa nguvu."

Gari la buluu, jua la jioni limelilalia ubavuni. Juu ya boneti kulikuwa na madoa meusi, matano au sita, yenye kingo za rangi za upinde wa mvua. Mlangoni, michirizi. Hata mtu asiyejua tofauti ya rangi na chokaa angeiona.

"Uliyaona siku ile?"

"Niliyaona."

"Ukanyamaza?"

"Alisimama kando yangu, kajaa furaha. Akaniuliza, 'Unaonaje, dada?' Ningemwambia nini, mwanangu? Nikamwambia linang'aa."

Inspekta alirudi kizingitini na simu mkononi. Moyo wake haukuipenda hatua iliyofuata, lakini upelelezi haufanywi kwa kupenda.

"Mzee, hebu itazame picha hii. Hapa kwenye boneti unaona nini?"

Mzee Kioo aliileta simu karibu na pua. Akaisogeza mbali. Akaigeuza kidogo kuelekea mwanga.

"Gari," alisema. "Limetulia. Safi kabisa."

Inspekta alimkumbuka baba yake mzazi, aliyeshika gazeti miaka miwili bila kugeuza ukurasa kabla ya kukubali miwani. Sasa alijua kwa nini gari limechukuliwa. Alichokosa ni mahali lilipo.

"Swali la mwisho, mzee. Hapa mjini nani mwingine anaweza kuondoa dawa iliyokauka bila kuijeruhi rangi?"

"Yupo mmoja," mzee alisema hatimaye. "Mdogo wangu. Nilimfundisha mwenyewe. Tuligombana hapa karakanani, maneno yakatuponyoka. Mwaka wa tisa huu hatusemezani."

Nyuma yao, jikoni, bilauri ilianguka ikavunjika.

Karakana ya mdogo mtu ilikuwa upande wa pili wa mji, nyuma ya ghala la mbao. Inspekta alikwenda na mama na koplo ndani ya gari la polisi. Walipofika, mama alishuka wa kwanza.

Gari la buluu lilisimama chini ya taa ndefu nyeupe. Lilimeta kama limetoka kuoga. Mdogo mtu, mnene, nywele zimejaa vumbi la kung'arishia, aliliona gwanda la koplo akanyoosha mikono.

"Nimeiba mimi," alisema. "Shemeji hahusiki."

"Mwongo," mama alisema. "Nimeliendesha mwenyewe. Andika jina langu, afande."

"Nitaandika nikishaelewa. Anza, mama."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza.

"Jumamosi asubuhi nililiona juani. Madoa matupu. Nilidhani atayaona mwenyewe. Akalizunguka mara tatu, anapiga mluzi. Hapo ndipo nilipojua macho yamekwisha. Mwanzoni nilisingizia uchovu. Akimwaga chai pembeni ya kikombe, nafuta kabla hajajua. Akivaa soksi mbili tofauti, nasema nimekosea mimi kuzipanga."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Nilimwambia shati lina doa, akanuna siku mbili. Nikimwambia gari la watu lina madoa, atakufa, afande. Jina lile ndilo linalomwamsha asubuhi. Nikasema akilala nitalipeleka kwa shemeji pamoja na vifaa vya mzee mwenyewe, arekebishe, nilirudishe kabla hajaamka."

"Na hukulirudisha."

"Hapo kosa ni langu," mdogo mtu alidakia. "Nilidhani madoa sita. Nilipowasha taa nikakuta kumi na tisa. Dawa ilishakauka, ikabidi niiondoe kwa mashine kipande kwa kipande, nipake upya. Na dawa mbichi haitakiwi kupata umande. Nikamwambia shemeji liache lilale ndani, asubuhi litakuwa tayari."

"Jumapili mzee haingii karakanani, nikadhani nina muda. Asubuhi akaamka kabla yangu," mama alisema. "Nilipotoka alishawapigia simu. Nikaona aibu, nikaona hofu, nikawa mjinga. Huo ndio wizi wangu wote."

Inspekta alimtazama mdogo mtu. "Miaka tisa hamsemezani. Kwa nini ulikubali?"

Mtu yule mnene alijifuta uso kwa mkono, akajipaka weusi zaidi.

"Afande, madoa yale niliyatoa nikilia. Yule ni kaka yangu. Asiyeruka mahali hata ukubwa wa punje ya mchele. Niliposhika mashine nilijisikia kama namfunga vifungo vya shati."

Koplo alijishughulisha na kamera yake, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Inspekta alitoka nje, akapiga simu. Nusu saa baadaye bibi mkunga alifika na teksi, amemshika Mzee Kioo kiwiko. Inspekta alimweleza mzee mwenyewe, kwa sauti ya chini, bila kupunguza wala kuongeza. Mzee alisikiliza akitazama mbele. Mwisho alisema neno moja tu.

"Ngapi?"

"Kumi na tisa," mdogo wake alijibu.

Mzee akatikisa kichwa. Machozi yakamtoka bila sauti. Mkewe alimsogelea akasimama ubavuni, hajui kama ataguswa au atasukumwa. Akaguswa.

"Macho hayo yana ukungu wa mtoto wa jicho," bibi mkunga alisema, akimtazama usoni kama mtoto mchanga. "Ni ya kupasuliwa, si ya kuliliwa. Alhamisi nakupeleka hospitali mwenyewe, na usinibishie. Na wewe, mpelelezi, mimi sina malalamiko. Gari langu lilikuwa kwa fundi."

Inspekta alifunga daftari. Sheria ilitaka mwizi awe na nia ya kumnyima mwenye mali mali yake, na hapa hakuiona nia hiyo kwa mtu yeyote. Ila alimgeukia mama.

"Siku nyingine acha barua, mama. Umenitoa kitandani kabla ya chai."

"Nitakupikia, mwanangu."

"Usitie kitunguu."

Mdogo mtu alikuwa ameinama kwenye mlango wa nyuma wa kushoto. Akakohoa.

"Kaka. Limebaki moja. Hili la ishirini nililiruka mimi, jana jioni. Bado halijakauka vizuri."

"Lifute."

"Mkono wangu umechoka."

Mzee alikunja mikono ya shati. Mdogo wake akadondosha tone moja la dawa kwenye kitambaa, akamkabidhi, akamshika kifundo cha mkono akakipeleka mlangoni.

"Hapo. Shuka kidogo. Hapo hapo."

Mzee Kioo akapaka. Mviringo mmoja, mwepesi, kama anayempangusa mtoto uso. Wakasubiri, vichwa viwili karibu karibu, mmoja akiangalia, mwingine akingoja kuambiwa.

"Sasa," mdogo wake alisema.

Mzee akafuta.