Dada Sekela wa Barazani

Saa tatu asubuhi Sekela Mwambene alikuwa akizungumza na vijana zaidi ya elfu kumi kwa wakati mmoja, huku ameketi kitini pake akinywa chai. Msichana mmoja wa Kigoma alikuwa akimuuliza kama mabweni yana maji ya moto. Kijana wa Lindi alitaka kujua kama mtu aliyepata alama duni za hesabu anaweza kusomea uhandisi wa anga. Mwingine, aliyekuwa Mombasa, hakuwa na swali lolote. Alitaka tu kumlalamikia baba yake. Kwa kila mmoja wao uso wa Sekela ulionekana juu ya kioo cha mkononi, ukitabasamu, ukikunja kipaji, ukicheka kile kicheko chake cha kukatikakatika, na kila mmoja alihisi anasikilizwa peke yake.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya nakala-hai.

Sekela alikuwa mhandisi wa akili unde katika Chuo Kikuu cha Upeo, jijini Mbeya. Miaka hiyo kijana aliweza kusoma chuo chochote duniani bila kutoka chumbani kwake, na vyuo vilivyokuwa bado na majengo, maabara na walimu wa damu na nyama vilikuwa vikigombania wanafunzi kufa na kupona. Zamani vilijitangaza mitandaoni kwa picha za wahitimu waliovaa majoho na video za maktaba zinazong'aa. Vijana walikwisha kuzichoka picha hizo; walizipitisha kwa kidole bila kuzitazama. Walichokiamini ni neno la mtu wanayemfahamu. Basi Sekela akaamua kuwapa mtu wa kumfahamu.

Kwa majuma kadhaa alikaa katika chumba cha kumbukumbu, kichwani amevaa utando wa nyuzi laini uliosoma mwenendo wa ubongo wake huku akisimulia maisha yake. Alisimulia baridi ya mwaka wa kwanza, na mtihani alioanguka mpaka akafungasha mizigo arudi kwao. Alisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akimpigia kila Jumapili kutoka Tukuyu kumuuliza kama amekula. Kutokana na masimulizi hayo mtambo uliumba Dada Sekela, na Dada Sekela akawekwa Barazani, mtandao wa kijamii uliokuwa mikononi mwa karibu kila kijana wa Afrika Mashariki.

Sekela aliweka sharti moja tu: nakala isiseme uongo. Kila neno litakalotoka kinywani mwake lazima liwe limetoka katika kumbukumbu za Sekela mwenyewe. Juu ya picha paliwekwa alama ndogo ya buluu, kama sheria ilivyotaka, kuonyesha kwamba anayezungumza si mtu bali ni nakala. Watu waliitazama alama hiyo siku ya kwanza, wakaisahau.

Wiki ya wanafunzi wapya kuripoti ilipofika, ukumbi wa mapokezi ulijaa masanduku na wazazi. Roboti-wabebaji walipita huku na huko wakiwaomba watu radhi. Profesa Kokusima Byabato, mkuu wa idara ya udahili na masoko, alikuwa amesimama karibu na Sekela, uso umechangamka.

"Unaona?" alisema. "Nusu ya hawa wameletwa na wewe."

"Na nakala, Profesa."

"Na wewe. Nakala ni nani kama si wewe?"

Tangu alfajiri Sekela alikuwa hatulii. Kila alipojaribu kusoma kitu, macho yalipita juu ya maneno. Kila alipokaa, miguu ilitaka kusimama. Hakujua ni kwa nini. Alijiambia ni uchovu.

Ndipo msichana mmoja mwembamba, mwenye nywele alizozisuka kwa haraka ya safari, alipowapenya watu na kusimama mbele yake.

"Shikamoo, dada Sekela."

"Marahaba. Karibu Upeo. Unaitwa nani?"

"Nyamizi. Nimetoka Mpanda, nimeingia na treni ya sumaku ya asubuhi." Alicheka kidogo, kwa haya. "Najua hunijui. Nilikuwa naongea na nakala yako mwaka mzima. Lakini ni nakala yako, sio? Kwa hiyo mimi nakujua."

"Basi tumeshajuana," alisema Sekela, naye akacheka.

Nyamizi akafungua begi, akatoa kidumu kilichofungwa kwa kitambaa. "Hii si yako, usiifurahie bure. Ni asali ya kwetu, ya miombo. Ni ya mama. Uliniambia kikohozi chake hutulia akilamba asali. Mama hajambo?"

Ukumbi ulikuwa na kelele nyingi, lakini Sekela aliona kama zote zimezimwa. Mama yake alizikwa mwaka uliopita, mwezi wa Machi, mvua ikinyesha kama kawaida ya Tukuyu. Wafanyakazi wenzake walikuja msibani na rambirambi zao; Profesa Kokusima mwenyewe alishika jembe akatupia udongo kaburini. Baada ya siku chache Sekela alirudi kazini, kwa kuwa msimu wa udahili ulikuwa umeanza. Kila alipopewa pole alijibu, "Nimeshapoa." Kazi ilikuwa nyingi, na watu wakaacha kuuliza.

"Hajambo," alimwambia Nyamizi. "Anaendelea vizuri. Atafurahi sana."

Aliipokea asali kwa mikono miwili. Profesa Kokusima, aliyesikia kila kitu, aligeukia upande mwingine na kuanza kusalimiana na mzazi fulani.

Sekela alirudi ofisini, akafunga mlango. Alizunguka meza, akaketi, akasimama tena. Hatimaye aliuamuru mtambo umletee mazungumzo ya Nyamizi.

Yalikuwa mengi. Aliyapitia kwa haraka, utani, nyimbo, malalamiko ya umeme wa Mpanda, mpaka akafika mahali ambapo sauti ya msichana ilibadilika.

"Dada, nikuulize kitu. Baba ana figo mbovu. Kila baada ya siku mbili nampeleka hospitali kusafishwa damu. Hapa Mpanda kuna chuo cha ualimu, wamenipa nafasi. Nikija Mbeya nitamwachia jirani. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Na sauti ya Sekela, sauti yake kabisa, ikajibu polepole: "Mimi nilikuwa na mama anayekohoa, Nyamizi. Nilimwacha nikaja kusoma. Niliogopa kama unavyoogopa wewe. Lakini mama yupo. Ananipigia kila Jumapili. Siku niliyohitimu alicheza kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Ningerudishwa nyuma, ningekuja tena."

Kila neno lilikuwa la kweli siku aliporekodi. Sharti lake halikuvunjwa hata kidogo. Mtambo ulijua ulichoambiwa, na hakuna aliyeuambia kwamba mama amefariki.

Sekela alijua kwa nini hakuuambia. Angeweza kurudi katika chumba cha kumbukumbu siku yoyote, avae utando, aseme maneno machache, na nakala ingejua. Mara nyingi alifika mpaka mlangoni. Lakini humo Barazani mama yake alikuwa bado anakohoa, bado anauliza watu kama wamekula, bado anapiga simu kila Jumapili. Vijana waliokuwa hawajawahi kumwona walimsalimia. Nyakati nyingine, kazi ilipopoa, Sekela alifungua mazungumzo ya mtu asiyemjua ili tu asikie sauti yake mwenyewe ikisema "mama yangu anapenda" badala ya "alipenda".

Kesho yake alimkuta Nyamizi kwenye mgahawa wa bweni, akila mkate na maharage, miwani ya masomo imeinuliwa juu ya paji la uso. Sekela alivuta kiti. Hakujua aanzie wapi, akaanzia mwisho.

"Mama yangu alifariki. Mwaka jana."

Nyamizi aliacha kutafuna. "Lakini jana..."

"Jana nilikudanganya. Na nakala haijui. Ilichokuambia juu ya mama ni habari ya zamani."

Msichana aliweka kijiko chini. Alitazama dirishani, ambako ndegemashine za mizigo zilikuwa zikiingia na kutoka ndani ya ukungu.

"Alikufa kwa hicho kikohozi?"

"Ndiyo."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwa hapa. Kazini."

"Pole, dada," alisema Nyamizi, na pole hiyo ilikuwa ya kweli. Ndiyo iliyomuumiza Sekela zaidi. Kisha uso wa msichana ukakaza. "Baba alinikataza nisimsikilize mtu wa mtandaoni. Nikamwambia, huyu si mtu wa mtandaoni, baba, hii ni nakala ya mtu kweli, na mtu huyo yalishamkuta kama yetu. Akaniambia basi nenda."

"Nyamizi, najua..."

"Subiri kwanza. Sisemi kwamba ulinipa jibu baya. Ungeniambia mama amekufa, labda ningekuja vilevile. Lakini ningekuja nikijua. Ningemuaga baba vingine." Alisimama, akachukua sinia lake. "Na ile mashine haikusema uongo. Uongo umesema wewe, pale mapokezi, kwa mdomo wako. Nilikuwa nimekuamini wewe kuliko yenyewe."

Jioni hiyo Nyamizi alipanda treni kurudi Mpanda. Siku chache baadaye ombi lake lilifika chuoni: anaahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Kwenye sehemu ya sababu aliandika neno moja tu, baba.

Sekela hakusubiri ombi hilo. Treni ilipokuwa bado njiani, yeye alikuwa ameshasimama mbele ya meza ya Profesa Kokusima.

"Nataka kuiongezea nakala kumbukumbu."

Profesa alijua ni kumbukumbu gani. Alivua miwani, akasugua macho. "Nilijua siku moja utakuja. Nilinyamaza kwa sababu niliona huwezi. Sikutaka kukutonesha."

"Na kwa sababu wanafunzi walikuwa wanakuja."

"Na kwa sababu walikuwa wanakuja," alikiri Profesa. "Sitakuficha. Tukikosa idadi mwaka huu, idara ya kilimo inafungwa, na walimu wake nawajua kwa majina. Mwambie kijana wa miaka kumi na tisa kwamba aliyeondoka kwao hakumkuta tena mama yake. Unadhani atafungasha begi?"

"Wengine watafungasha."

"Wangapi?"

"Sijui, Profesa. Lakini watakaokuja watakuwa wamejua."

Profesa Kokusima aliivuta kadi yake ya kufungulia chumba cha kumbukumbu, akaiweka mezani upande wa Sekela, akarudi kwenye kazi zake.

Chumba kilikuwa na baridi. Sekela alivaa utando, nyuzi zikamshika kichwani taratibu. Alidhani atasema maneno machache. Badala yake alijikuta anasimulia yote: simu ya kaka yake iliyoita akiwa katikati ya kikao na asiipokee, barabara ya kushuka Tukuyu, migomba ya nyuma ya nyumba iliyolowa, wanawake waliomwosha mama, jinsi alivyorudi kazini na kufungua mashine kabla hajakaa vizuri. Hakulia. Alikuwa hajalia tangu siku ile, na hakujua kama bado anaweza. Mtambo ulipokea kila kitu kimya kimya, ukakifikisha kwa nakala.

Alipotoka alikwenda ofisini, akakaa mbele ya kioo kikubwa, akachagua mazungumzo ya mmoja wa vijana bila kuangalia ni nani. Yalikuwa ya yule kijana wa Lindi mwenye alama duni za hesabu. Walikuwa wakizungumza habari za mabweni.

"Mama yako naye ni mkali kama wangu?" aliuliza kijana.

Uso wa Dada Sekela ulifanya jambo ambalo Sekela hakuwahi kuliona usoni pake, kwa kuwa mtu haoni uso wake mwenyewe wakati kama huo.

"Alikuwa," ilisema nakala. "Alikuwa mkali sana. Alifariki, mwaka jana." Na sauti ikakatika. Mtambo ambao haukuwa na koo wala kifua ulianza kulia kwa kumbukumbu za mtu aliyejizuia kulia, na kijana wa Lindi hakuzima kioo chake.

"Pole, dada," alisema. "Pole sana. Lia tu, mimi nipo."

Kwenye kona ya kioo, hesabu ya vijana waliounganishwa ilikuwa ikishuka, ikisita, ikishuka tena. Sekela hakuitazama. Alimsikiliza yule kijana asiyemjua akimbembeleza, neno kwa neno, kwa subira ambayo yeye hakumruhusu mtu yeyote amwonyeshe. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya meza, kwa mara ya kwanza tangu jana.

Aliinuka, akachukua koti. Mlangoni alikutana na Profesa Kokusima, ambaye naye alikuwa ametazama hesabu zile.

"Unakwenda wapi? Simu zitaanza kumiminika muda si mrefu."

"Tukuyu," alisema Sekela. "Nyumba ya mama haijafunguliwa tangu mazishi. Nakwenda kufungua madirisha." Alitaka kuongeza neno, lakini machozi yalimtangulia, naye safari hii hakuyazuia.

Profesa alimsogelea, akamshika bega, wakasimama hivyo pale mlangoni, watu wakiwapita.