Siku Saba za Itto

Kengele ya saa sita ilipolia, Itto alivua koti lake jeupe la shule, akalikunja na kulitia mkobani, akashika njia ya nyumbani. Alimkuta mama yake palepale alipomwacha asubuhi, nyuma ya nyuzi za zulia alilokuwa akilifuma, vidole vikipanda na kushuka.

"Chakula kiko mezani, binti yangu," mama alisema bila kugeuka. "Dengu, na mkate bado una moto. Ule wote. Mtu wa mbio hali kama shomoro."

"Naam, mama."

Itto alichukua sahani, akatoka nayo uani kama mtu anayetaka kuota jua. Uani mlikuwa na kuku sita. Baada ya dakika tano sahani ilikuwa tupu, na kuku wale walikuwa wameshiba dengu kwa siku ya nne mfululizo.

Itto alikuwa amefunga. Ramadhani iliyopita, alipoingia hedhini, alikula siku saba kama ilivyo sheria, na siku hizo sharti zilipwe kabla ya Ramadhani nyingine kuingia. Angeweza kuzilipa mwezi wa Desemba, wakati ambapo jua la milima ya Atlasi huchomoza limechelewa na kutua mapema. Lakini Desemba alisema Januari, na Januari akasema wiki ijayo. Mwezi wa Shaabani ulipoanza, mama alimwuliza, "Umemaliza siku zako?" Itto alijibu, "Zamani, mama." Uwongo ule ulimtoka laini kama mafuta ya zeituni.

Sasa Shaabani ulikuwa unakatika. Mwezi ungeandama, na Jumapili ijayo au Jumatatu watu wote wangeanza kufunga. Wiki iliyopita Itto alihesabu, akaona amebakiwa na siku saba kamili, Jumapili iliyopita hadi Jumamosi hii, bila hata moja ya ziada. Na kwa kuwa mama aliamini kwamba kazi ile ilikwisha zamani, Itto hakuweza kuamka kula daku. Wakati wa baridi walilala wote chumba kimoja, karibu na jiko la kuni, na mama alikuwa na usingizi wa paka. Basi Itto alifunga bila daku na bila kumwambia mtu.

Jumamosi hiyohiyo ndiyo iliyokuwa siku ya mashindano ya mkoa ya mbio za nyika za shule.

Jioni hiyo ya Jumatano timu ya wasichana ilifanya mazoezi kwenye mteremko nyuma ya shule. Mwalimu Lahsen, aliyefundisha jiografia asubuhi na mbio jioni, alisimama juu ya jiwe na filimbi yake shingoni. Wasichana walikuwa sita. Katika mashindano wote sita hukimbia, lakini nafasi za wanne wa kwanza tu ndizo zinazojumlishwa, na timu yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda. Itto alikuwa wa nne. Wa tano alikuwa Yamna, msichana mnene kidogo, mcheshi sana, aliyejiita mbeba makoti wa timu.

"Itto!" Mwalimu Lahsen alipaza sauti. "Leo miguu yako umemwazima nani?"

"Mwalimu, usimkatize!" Yamna alidakia, akihema nyuma. "Nimekiona kisogo chake kwa karibu kwa mara ya kwanza. Kumbe ana kidoti!"

Wote walicheka isipokuwa Rabha, nahodha. Mazoezi yalipokwisha alimvuta Itto kando.

"Huu ni mwaka wangu wa mwisho shuleni," Rabha alisema. "Timu mbili tu ndizo zitakazokwenda fainali ya taifa. Mwaka jana tulikosa kwa pointi tatu, nikalia mpaka nikaona haya. Wewe unanifanyia mchezo?"

"Sifanyi mchezo, dada."

"Basi una nini?"

Itto alitazama ncha za viatu vyake. "Mafua tu."

Kumwambia ukweli angewezaje? Rabha angemwambia mwalimu, mwalimu angemwondoa kwenye timu, na watu wangeuliza kwa nini. Mwalimu Lahsen alikuwa mwanamume, tena mwenye masharubu. Mambo kama hayo yangesemwa kwa maneno gani mbele ya masharubu yale?

Ijumaa walisafiri hadi kwenye mji wa mashindano, juu zaidi milimani, wakalala katika bweni la shule moja ya huko. Asubuhi ya Jumamosi Lalla Fadma, yaani Bibi Fadma, mlezi wa bweni la shule yao aliyefuatana na wasichana katika kila safari, aliwamiminia uji wa shayiri na kuwagawia mayai ya kuchemsha. Uji wa Itto ulihamia bakuli la Yamna, ambaye hakuuliza maswali. Yai liliingia ndani ya mkono wa sweta.

"Umekula?" Lalla Fadma alimwuliza mlangoni.

"Nimekula, Lalla."

Mlezi yule alimtazama usoni kidogo, kisha akamfunga vizuri skafu yake, akamwacha aende.

Wakimbiaji walikuwa mia moja na zaidi. Njia ilizunguka shamba, ikapanda kilima chenye mierezi, ikashuka tena, raundi tatu. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, na tope lilishika viatu kama deni baya. Bunduki ililia. Rabha na wenzake wawili walichomoka mbele. Itto akawafuata, na raundi ya kwanza ilimwendea vizuri hata akajidanganya kwamba siku saba si kitu.

Katika raundi ya pili kilima kilimgeukia. Jasho la baridi lilimtoka kwenye paji la uso. Masikio yake yalivuma kama mzinga wa nyuki. Mierezi ilianza kusogea, mmoja huku, mwingine kule, na wasichana wa shule nyingine wakampita, watatu, kisha watano, kisha akaacha kuwahesabu.

Nyuma yake alisikia pumzi anayoijua.

"We, wa nne!" alisema Yamna. "Nimekufikia? Basi kiyama kimekaribia."

Yamna hakuwa na haraka. Kwa nini awe nayo? Wanne walikuwa mbele yake, na nafasi ya wa tano haihesabiwi. Itto alilielewa hilo ghafla, na likamchoma kuliko baridi. Angeweza kunyamaza, akajikokota mpaka aanguke, na watu wakasema maskini, mafua. Lakini wakati huo Yamna angekuwa bado anatembeza miguu yake taratibu, akimtegemea wa nne ambaye hayupo. Na Rabha kule mbele alikuwa anaupasua moyo wake bure.

"Yamna," alisema. Ulimi ulikuwa mkavu kama gome. "Nimefunga. Leo ni siku ya saba. Siwezi tena. Wa nne ni wewe."

"Unanitania."

"Wallahi! Nenda!"

"Lakini mimi ni mbeba makoti!"

"Yamna, nenda!"

Yamna alimtazama mara moja, macho yamemtoka pima. Kisha akainamisha kichwa na kuondoka, mikono ikirushwa huku na huku kama mtu anayemfukuza mwizi wa kondoo. Itto hakuwahi kumwona akikimbia namna ile. Alimwona akimpita msichana wa kwanza, wa pili, akapotea nyuma ya kilima. Hapo yeye mwenyewe akakaa chini topeni.

Lalla Fadma alikuwa amesimama na blanketi kwenye kona ya njia. Alikuja mbio ingawa alikuwa mtu mzima, akamfunika, akatoa chupa ya maji yenye sukari na tende tatu.

Itto alifumba midomo. "Sinywi, Lalla. Magharibi bado."

Lalla Fadma akakunja joho lake na kukaa palepale topeni, bega kwa bega naye.

"Unalipa?"

Itto aliitikia kwa kichwa.

"Tangu lini?"

"Jumapili."

"Na daku?"

Machozi yalianza kumtoka. "Nilimwambia mama nimemaliza zamani."

"Ehee," alisema Lalla Fadma taratibu. "Basi sikiliza. Wewe ni msafiri, tena umeanguka. Yote mawili yana ruhusa. Siku hii utailipa baada ya Idi, na kwa kuichelewesha utamlisha maskini mmoja."

"Ndivyo tu?"

"Ndivyo tu. Ulidhani Mungu ni mwamuzi wa mbio, amesimama mwishoni na saa mkononi? Kunywa, mwanangu."

Itto alikunywa. Maji yale yalikuwa matamu mpaka yakamtonesha meno.

Waliposhuka bondeni, Yamna alikuwa amelala chali kwenye theluji, akitoa mvuke kama chungu, na Mwalimu Lahsen alikuwa anampepea kwa karatasi ya matokeo. Msichana ambaye hakuwahi kumaliza mbele ya nafasi ya sitini alikuwa amemaliza wa thelathini na nne. Timu yao ilikuwa ya pili, ikiizidi ya tatu kwa pointi mbili.

"Msinikaribie," Yamna alinong'ona. "Nimekufa. Makoti yangu mgawane."

Rabha, aliyekwisha kuambiwa na Yamna, alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya Itto. Tope lilikuwa limemkauka usoni.

"Kumbe mafua," alisema.

"Nisamehe, dada. Ningekuambia, ungenitoa kwenye timu."

"Ningekutoa leo, ndiyo. Kesho ningekurudisha." Rabha akavua koti lake la unahodha, akamvisha Itto juu ya blanketi, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni kama mtu anayemvika mtoto mdogo. "Usinitishe tena hivi."

Lalla Fadma alimwita Mwalimu Lahsen kando, akamweleza kwa maneno machache. Masikio ya mwalimu yaliiva. Alitazama vilele vya milima kwa muda mrefu, kana kwamba amesahau jina la kimojawapo. Aliporudi alikohoa.

"Nina mabinti wanne nyumbani," alisema, "na nimefundisha wasichana mbio kwa miaka tisa. Napima miguu, napima saa, na hili sikuwahi kuliuliza. Kosa langu. Kuanzia leo, msichana akiniambia, 'Mwalimu, leo natembea,' atatembea, na sitamwuliza neno la pili. Na Desemba tutapunguza mazoezi, mwenye kulipa alipe." Alimgeukia Itto. "Fainali ni baada ya Idi. Nafasi yako utaigombea upya na Yamna."

"Haki ya Mungu, mwalimu, mpe tu!" Yamna alilia kutoka kwenye theluji.

Lalla Fadma hakucheka. Alimshika Itto mkono. "Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ulimdanganya mama mara moja tu, lakini uwongo haukai peke yake. Huo mmoja ulikunyima daku, ukakunyima chakula cha mchana, ukataka kuwanyima hawa wenzako safari yao. Mwili huu umepewa kama amana, si wa kuuficha ukiumia. Halafu tazama ukweli: kule kilimani ulisema maneno mangapi? Hayafiki ishirini. Na ndiyo yaliyotupeleka fainali. Sasa yamebaki ya kumwambia mama."

Alimpa simu yake basi lilipoanza kushuka mlima. Itto alijikunja dirishani, akasema yote, tangu "zamani" ya uwongo mpaka topeni. Upande wa pili zilisikika nyuzi za zulia zikiachiwa.

"Itto," mama alisema mwishowe, "kwa nini ufunge peke yako kama yatima? Mimi mwenyewe nina siku mbili sijazilipa. Nilikuwa naona haya kukuambia, kwa kuwa wewe, mdogo, ulikwisha maliza."

"Mbili, mama?"

"Mbili. Tutazilipa pamoja baada ya Idi, na daku nitapika mimi. Rudi salama."

Itto alirudisha simu, akajifuta macho kwa mkono wa koti la Rabha. Kila mtu ndani ya basi alikuwa amesikiliza.

"Mbili si kitu," Yamna alisema kutoka kiti cha nyuma. "Mimi tatu."

"Mimi moja," akasema mwingine.

"Mimi nne," akasema wa tatu, akaficha uso wake kwenye skafu.

Wote waligeuka kumtazama Rabha, nahodha wao, ambaye hakuwahi kuchelewa mazoezini wala kusahau kitu. Rabha alitazama nje. Alitazama ndani. Alitazama dari la basi.

"Sita," alisema.

Kicheko kilichopasuka humo kiliwafanya hata kondoo waliokuwa kando ya barabara wainue vichwa. Mbele kabisa, karibu na dereva, Mwalimu Lahsen alinyoosha mkono haraka na kuongeza sauti ya redio.