Leseni Iliyoulizwa Saa Moja na Dakika Kumi

Saa mbili na robo asubuhi mkuu wa maabara alifungua kompyuta akakuta majibu ya wagonjwa hayapo. Hata jina moja. Programu yenyewe inawaka vizuri, imekaa tu, tupu.

"Binti yako amefuta," alimwambia mama mfagiaji. "Fundi wa seva, ile kompyuta kuu, ni yeye. Asiguse kitu. Saa nne polisi wanamchukua."

Binti aliingia saa mbili kamili, mama alimwona kwa macho yake akitundika koti, na tangu hapo hajagusa kompyuta. Sasa amefuta saa ngapi?

"Sijafuta, mama," binti alisema. "Ukiiwasha hiyo programu lazima uiambie faili letu la mipangilio liko wapi, na faili la leseni liko wapi. Usipoiambia inafungua ghala lake, halina kitu. Majibu yamo kwenye ghala letu. Amri nzima niliibandika ukutani."

Ukutani ilibaki gundi.

Mama akamwendea mlinzi, mwenye ufunguo.

"Mimi?" mlinzi akacheka. "Mimi hata simu nawashiwa na mke wangu. Umeme ulikatika usiku, ukarudi saa moja, nikafungua mlango wa chumba cha seva, nikarudi getini."

Mama akamwaga pipa la taka la chumba cha seva. Karatasi ya binti, imefinyangwa. Na ganda la chungwa, refu, limemenywa bila kukatika. Hivyo humenya dereva anayebeba sampuli. Lakini humenyea kila mtu, hata mkuu.

"Mkuu, soma kumbukumbu za programu mwenyewe," binti aliomba.

Mkuu akasoma. "Saa moja na dakika kumi. Leseni haijapatikana. Andika namba ya leseni. Hapa mtu kaandika tarakimu tisa, mara tatu. Zimekataliwa, kisha programu imefunguka hivyo hivyo."

"Leseni yetu ni faili. Haina namba ya kuandika."

Mama akamgeukia dereva aliyesimama mlangoni na wengine. "Kaka, niazime leseni yako."

"Ya nini, dada?"

"Nione picha. Wanasema zamani ulikuwa na nywele."

Wakacheka, naye akaitoa. Mama akasoma namba polepole, moja moja, mkuu akifuata kwa kidole kwenye skrini. Zote tisa zililingana.

"Ilisema leseni," dereva alisema chini chini. "Nikajua inaniuliza mimi. Nilitaka orodha ya sampuli niwahi njia. Ile amri ndefu, nikaandika neno la kwanza tu. Ikaja tupu, nikajua nimefuta majibu ya watu."

"Na karatasi?" mama aliuliza.

"Ningeulizwa kwa nini sikuifuata."

"Mwanangu angepelekwa polisi, na wewe umesimama hapo."

"Nilidhani atajitetea, dada. Amesoma."

Binti akaketi, akaandika amri yote, na mahali pa mafaili yote mawili. Majina yakarudi, moja chini ya jingine.

Wazazi wenzangu mlio na watoto kwenye kazi hizi, waambieni wasiache amri kwenye karatasi moja tu. Mama yule aliinyoosha ile karatasi kwa kiganja, akainakili, nakala akaitia kwenye pochi yake, ile yenyewe akaibandika tena ukutani. Chini yake akaandika kwa mkono wake: SIYO LESENI YA GARI.